Nipe Mji

Bill Wright alikuwa mpiga bunduki katika ndege za kivita za Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Akaangukia mikononi mwa Wajerumani, na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamhoji. Mfungwa wa vita hadaiwi mengi: jina, cheo, namba yake ya jeshi. Miaka mingi baadaye Wright alikuwa mtayarishaji wa vipindi BBC, na kumbukumbu ya mahojiano yale ikamrudia kwa sura nyingine. Mwaka 1972 kipindi chake cha Mastermind kikaingia hewani: ukumbi wa giza, kiti cheusi cha ngozi, taa moja iliyomwangukia mshindani, na sauti ya Magnus Magnusson ikimimina maswali. Jina, cheo na namba vikageuka kuwa jina, kazi na somo ambalo mshindani amejitayarishia. Baada ya somo hilo hufuata duru ya maarifa ya jumla, ambayo hakuna ajuaye yatatokea upande gani.

Kipindi hicho kina kanuni moja ndogo. Mshindani asiyejua jibu anaweza kuomba swali lipite, ili asipoteze muda. Lakini washindani wawili wakifungana pointi, ushindi huenda kwa yule aliyeomba kupita mara chache zaidi. Maana yake ni kwamba aliyebahatisha, jibu lake la ovyo halimdhuru, ila aliyekiri kwamba hajui, kukiri kwake kumeandikwa na kutamgharimu mwishoni.

Kati ya wawili hao, asiyejua akabahatisha na asiyejua akasema hajui, ni yupi aliye karibu zaidi na elimu? Swali hili limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa zaidi ya miaka 2,000, nalo bado lipo mezani kila wiki, popote penye chemsha bongo.

Na chemsha bongo iko kila mahali. Kuna ya gazeti la mwishoni mwa wiki, ambayo baba husoma maswali kwa sauti na watoto wakajibu wakiwa jikoni. Kuna ya redioni. Kuna ya baa, London na Nairobi, ambapo meza nzima huinamia karatasi moja na kunong'onezana ili meza jirani isisikie. Kuanzia mwaka 2007 vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika vilishindana kwenye televisheni katika Celtel Africa Challenge, na Mkenya John Sibi-Okumu, mwigizaji na mwandishi wa tamthilia, ndiye aliyekuwa akiuliza. Watu wazima waliacha chakula kipoe wakimsubiri kijana wa chuo fulani abonyeze kitufe.

Mapenzi haya hayapaswi kudharauliwa. Mwaka 1980 bingwa wa Mastermind alikuwa Fred Housego, dereva wa teksi wa London. Kwenye kiti kile cheusi hakuna anayeulizwa amesoma wapi, na mtu aliyesoma peke yake usiku, baada ya kazi, anakaa sawa na profesa. Ujuzi wa jumla ni mali ambayo maskini anaweza kuikusanya bila kuomba ruhusa ya mtu. Anayeibeza chemsha bongo kama mchezo wa vitu visivyo na faida hajamwona fundi cherehani anayejua miji mikuu ya dunia yote, na uso wake unavyong'aa siku anapoulizwa.

Lakini tabia ya mchezo wa maswali haijulikani kwa anayejibu. Hujulikana kwa jinsi unavyomtendea aliyeshindwa kujibu.

Huku kwetu mchezo huu una mzee wake, naye ni kitendawili. Jioni, baada ya chakula, mmoja hutangaza, "Kitendawili!" na wote huitikia, "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Watoto hukuna vichwa. Mmoja anasema kaburi, mwingine anasema mtungi. Wakichoka, mtegaji hawaambii kwamba wamefeli. Huwaambia, "Nipe mji." Basi wanashauriana. Wa kwanza anatoa Tabora. Mtegaji anaukataa, anataka mkubwa zaidi. Wanampa Mombasa. Hapo anaridhika, anakwenda Mombasa kwa maneno tu, anasimulia alivyopokewa, alivyokula akashiba, jinsi watu wa huko walivyomheshimu. Kisha ndipo anaporudi na jibu. Yai.

Na wote husema, "Kumbe!"

Mtu anaweza kupinga kwamba kitendawili nacho kina jibu moja lililowekwa na wazee, na mtoto aliyesema mtungi huenda alikuwa na hoja nzuri. Ni kweli. Lakini tazama kinachotokea kwa yule asiyejua. Kutojua kwake kuna bei, na bei yenyewe ni heshima: anatoa mji, anapewa safari, na mwisho wa safari anapewa jibu. Hafukuzwi uwanjani. Hakuna pointi inayokatwa, hakuna anayezomewa, na kitendawili kinachofuata anaweza kukitega yeye. Hata neno lenyewe la mwisho lina siri yake. "Kumbe" haliwezi kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akijua tangu mwanzo. Ni neno la aliyevuka, na ili uvuke ni lazima kwanza uwe umesimama ng'ambo ya pili.

Wagiriki nao walikuwa na kisa chao cha kuvuka huku. Katika mazungumzo yaitwayo Meno, Plato anamwonyesha Socrates akimhoji kijana mtumwa ambaye hajawahi kusomeshwa hesabu. Socrates anachora mraba wenye pande za futi 2, eneo lake futi 4 za mraba, kisha anauliza: mraba wenye eneo maradufu utakuwa na upande wa urefu gani? Kijana anajibu bila kusita kwamba upande nao ni maradufu, futi 4. Socrates anachora, na eneo linatoka 16 badala ya 8. Kijana anarudi nyuma kidogo, anasema futi 3. Linatoka 9. Hapo kijana anakiri kwamba hajui.

Meno, tajiri aliyekuwa akitazama, alikuwa ametoka kulalamika kwamba Socrates ni kama yule samaki wa jamii ya taa ambaye ukimgusa mkono hufa ganzi; kuzungumza naye kunamwacha mtu hana la kusema. Sasa Socrates anamgeukia na kumuuliza: je, kijana huyu tumemdhuru kwa kumtia ganzi? Dakika chache zilizopita angesimama mbele ya watu wengi na kuwafundisha kosa lake kwa ujasiri wote. Sasa hana jibu, ila ameanza kulitafuta. Na kweli, swali baada ya swali, kijana anafika kwenye ulalo wa mraba, ambao ndio upande unaotakiwa. Wanafalsafa wamebishana mno juu ya fundisho la Plato kuhusu roho na kumbukumbu katika kisa hiki. Pale kijana aliposema hajui hupitwa haraka, ingawa mlango ulifungukia hapo.

Wapo waliokataa kata kata kusimama hapo. Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann, akiwa njiani kuelekea Uchaggani kutokea pwani, aliona weupe unaong'aa kileleni mwa mlima. Alimuuliza kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, ule ni nini. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile, na hakubuni. Alisema tu kwamba ni baridi. Alitaja alichokuwa na hakika nacho, akaishia hapo. Rebmann akaandika habari ya theluji karibu na mstari wa ikweta, habari ikachapishwa Ulaya, na London akatokea mtu wa kuikanusha. William Desborough Cooley alikuwa bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa amesoma sana. Alijua majina ya makabila, njia za misafara na maandishi ya Wareno. Kama wakati huo ungekuwapo ubingwa wa chemsha bongo juu ya Afrika, angeutwaa. Na kwa wingi wa alichokijua akahitimisha kwamba theluji mahali pale haiwezekani, Rebmann ameona vibaya. Hata safari za Baron von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zilipothibitisha theluji, Cooley hakukubali.

Ukiwaweka pamoja, Bwana Kheri na jibu lake la neno moja, na Cooley na vitabu vyake, ni vigumu kuamini kwamba anayejua mengi zaidi ndiye aliyekuwa na elimu zaidi juu ya mlima ule.

Kisa hiki kina ncha nyingine. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki viliulizwa darasani nani aligundua Mlima Kilimanjaro, na jibu lililopata alama lilikuwa Rebmann. Wachagga walikuwa wakilima migomba chini ya kilele cha Kibo kabla babu yake Rebmann hajazaliwa. Mtoto wa Machame au Marangu aliyeandika jibu hilo alipata alama yake kwa kuwafuta bibi na babu zake. Tunapotaja maarifa ya jumla, basi, inafaa kuuliza ni jumla ya nani. Anayeandika maswali ana mamlaka makubwa kuliko anayejibu, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kutojua kupi kuwe aibu. Asiyejua mkondo wa mto Thames huchekwa, lakini asiyejua mkondo wa Rufiji hachekwi.

Hata jibu lililochapwa kwenye kadi si lazima liwe kweli. Fred Worth, mwandishi Mmarekani wa kamusi za mambo madogo madogo, alipenyeza kitabuni mwake jibu la uongo kwa makusudi: kwamba jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa kwenye televisheni, ni Philip. Ulikuwa mtego wa kuwanasa watakaonakili kazi yake. Mchezo wa Trivial Pursuit, uliobuniwa Montreal mwaka 1979, ukatoka na kadi yenye jibu hilo hilo. Mwaka 1984 Worth aliwashtaki wenye mchezo akidai dola milioni 300, akashindwa, kwa kuwa sheria ya hakimiliki hailindi habari yenyewe ya jambo. Kesi ilikwisha. Lakini fikiria nyumba ambamo mtu aliulizwa jina la Columbo, akasema "Philip", akapewa pointi yake. Je, alijua?

Au chukua mfano wa karibu. Mshindani anaulizwa mji mkuu wa Burundi. Hana habari kwamba serikali iliuhamishia Gitega mwanzoni mwa mwaka 2019. Anaichanganya tu Burundi na nchi nyingine, na jina la Gitega linamponyoka mdomoni. Anapigiwa makofi. Jirani yake, aliyeishi Bujumbura miaka 10 na kusoma huko, anasema Bujumbura, anakosa. Mwaka 1963 mwanafalsafa Mmarekani Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa 3 tu, akionyesha kwamba mtu anaweza kuamini jambo la kweli, akawa na sababu za kuliamini, na bado tusikubali kusema kwamba analijua, maana ukweli umemfikia kwa bahati. Wanafalsafa wengine wameandika maelfu ya kurasa kumjibu. Meza ya chemsha bongo humthibitisha kila wiki, kila mtu anaposema, "Nilibahatisha tu," huku akiandikiwa pointi.

Kuna kutojua kwa aina nyingine, nako ni kwa kusikitisha kuliko kote. Mwaka 1956 Wamarekani walikuwa wakifuatilia kipindi cha maswali cha Twenty-One, na bingwa wake alikuwa Herb Stempel, askari wa zamani aliyekuwa akisoma chuo New York. Watayarishaji walikuwa wakimpa majibu kabla ya kipindi. Kisha wakamchoka, wakataka sura nyingine, kijana mtanashati wa ukoo wa wasomi, Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Stempel akaamriwa ashindwe. Moja ya maswali aliyopangiwa kukosa lilikuwa: filamu gani ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955? Jibu ni Marty, filamu ambayo Stempel aliipenda sana. Mbele ya mamilioni ya watazamaji ilimbidi ajifanye hajui kitu alichokuwa nacho moyoni, akataja On the Waterfront.

Van Doren alitoka na dola 129,000 na picha yake kwenye jarida la Time. Tarehe 2 Novemba 1959 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akakiri kwamba naye alipewa majibu. Akapoteza kazi ya televisheni na ya chuo. Mwaka 1960 Marekani ikatunga sheria ya kuzuia udanganyifu wa aina hiyo. Watu wengi wakikumbuka kashfa ile humkumbuka Van Doren, aliyejifanya anajua. Pengine Stempel ndiye aliyenyang'anywa zaidi. Mwenzake aliuza ujuzi asiokuwa nao. Yeye alilazimishwa kuuza "sijui" yake, na ilikuwa ya uongo.

Dini zinalichukua neno hilo kwa uzito ambao televisheni haijaufikia.

Imam Malik bin Anas aliishi na kufundisha Madina katika karne ya 8. Mwanafunzi wake, Imam Shafi, ndiye ambaye madhehebu yake yanafuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo adabu za darasa la Malik hazina ugeni Lamu au Unguja. Imesimuliwa kwamba siku moja aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu kwamba hajui. Theluthi mbili! Mwanafunzi wa leo akijaza mtihani hivyo atarudishwa nyumbani. Imesimuliwa pia kwamba alijiwa na mtu aliyesafiri miezi kutoka Maghribi, ametumwa na watu wa kwao na suala moja. Malik akamwambia kwamba hajui. Yule mtu, bila shaka kwa uchungu, akauliza atarudi kuwaambia nini waliomtuma. Malik akamwagiza awaambie kwamba Malik amesema hajui. Safari ya nyikani ya kwenda na kurudi, na zawadi yake ni neno hilo moja. Waliompokea kule Maghribi walipata kitu ambacho jibu la kubahatisha lisingewapa: walijua kwamba siku Malik akisema anajua, anajua.

Miaka zaidi ya 300 kabla yake, mwana wa Afrika Kaskazini alikumbana na jambo hilo hilo. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alishughulika katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake na swali la wachokozi: Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba mbingu na nchi? Lilikuwapo jibu la mzaha lililozungushwa wakati ule, kwamba alikuwa akiwatengenezea jehanamu wanaouliza maswali kama hayo. Augustino analitaja na kulikataa. Anaona ni afadhali akiri kutojua kuliko kumchekesha mtu kwa hasara ya aliyeuliza jambo zito. Ni adabu ya ajabu katika mtu aliyekuwa hodari wa maneno kuliko karibu wote wa zama zake, na aliyefundisha ufasaha kwa mshahara kabla ya kubatizwa.

Na Waislamu wengi kila wiki, siku ya Ijumaa, husoma sura ambayo wafasiri wanaihusisha na mtihani wa maswali. Kwa mujibu wa masimulizi ya Ibn Ishaq, Makureshi wa Makka waliwatuma watu wawili Madina kuwaomba wanazuoni wa Kiyahudi maswali ya kumpima Muhammad. Wakapewa matatu: habari ya vijana wa zama za kale waliotoweka, habari ya msafiri aliyefika mashariki na magharibi ya dunia, na habari ya roho. Mtume akaahidi jibu kesho yake, bila kusema inshallah. Kesho ikapita. Zikapita siku 15, wahyi haukushuka, na Makka ikaanza kuvumisha maneno. Mtu mwenye kutunga majibu angetunga. Muda aliupata wa kutosha. Ulikuwa ukimya wa aibu kubwa mbele ya maadui, naye aliubeba. Kisha ikashuka Suratul Kahf, na ndani yake maonyo juu ya kuahidi kesho bila kumtaja Mwenyezi Mungu.

Ndani ya sura hiyo mna aya ya 22 ambayo kila mpenda chemsha bongo anapaswa kutulia nayo. Vijana wale, waliolala pangoni, walikuwa wangapi? Aya inazitaja kauli za watu: watatu na mbwa wao wa nne, watano na mbwa wao wa sita, saba na mbwa wao wa nane. Msomaji anasubiri idadi. Badala yake anaambiwa kwamba Mola ndiye ajuaye zaidi hesabu yao, wanaoijua ni wachache, na Mtume asibishane juu yao ila kwa lililo dhahiri, wala asimuulize mtu. Kisa kimesimuliwa kwa urefu, imani ya vijana ikaelezwa, usingizi wao, sarafu waliyoibeba kununulia chakula. Idadi, kile hasa ambacho mwandishi wa maswali angekiweka kwenye kadi, ikaachwa. Na swali la tatu, la roho, lilijibiwa katika Suratul Israa kwa kuwaeleza waulizaji kwamba ni jambo la Mola na kwamba elimu waliyopewa wao ni kidogo.

Mwezi wa Februari 2011 suala hili la kukiri kutojua liliingia katika mashine. Kompyuta ya IBM iitwayo Watson ilishindanishwa na mabingwa wawili wa kipindi cha maswali cha Jeopardy!, Ken Jennings, aliyewahi kushinda mara 74 mfululizo mwaka 2004, na Brad Rutter. Jeopardy! ina kanuni iliyo kinyume na ya Mastermind: ukibonyeza kitufe ukakosea, fedha zinakatwa. Kunyamaza kuna thamani. Kwa hiyo wahandisi walimpa Watson kipimo cha hakika yake mwenyewe. Kama kipimo hakikufika kiwango fulani, hakubonyeza. Alishinda kwa mbali, dola 77,147 dhidi ya 24,000 za Jennings na 21,600 za Rutter.

Lakini katika swali la mwisho la mchezo wa kwanza, lililohusu miji ya Marekani, kila mshindani alilazimika kuandika jibu. Uliulizwa mji ambao kiwanja chake kikubwa cha ndege kimepewa jina la shujaa wa Vita vya Pili, na cha pili jina la mapigano ya vita hivyo. Ni Chicago. Watson aliandika Toronto, mji wa Kanada, na mbele yake akaweka alama 5 za kuuliza. Ukumbi ulicheka. Wachache walitazama alichokiwekea dau: dola 947 tu, kati ya zaidi ya 36,000 alizokuwa nazo. Mashine ilikuwa na namna yake ya kusema kwamba haina hakika, na kanuni ya mchezo ndiyo iliyoilazimisha kusema kitu. Mwanafalsafa John Searle aliandika baadaye kwamba Watson hakujua hata kwamba ameshinda, na hoja yake ina nguvu. Zile alama 5 zilikuwa matokeo ya hesabu. Hazikuwa na aibu wala kiu ndani yake, na hakukuwa na "kumbe" iliyofuata. Mwanadamu anaposema hajui huwa amefungua kitu ndani mwake, na anaweza kuumia nacho usiku kucha.

Wakristo na Waislamu wanakutana hapa kwa namna inayostahili kuangaliwa. Katika Injili ya Marko, sura ya 13, Yesu anasema juu ya siku ile ya mwisho kwamba hakuna aijuaye, hata malaika, hata Mwana, ila Baba. Na katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Umar bin Khattab anasimulia siku alipotokea mgeni mwenye nguo nyeupe mno na nywele nyeusi mno, asiye na vumbi la safari, na hakuna aliyemtambua. Akaketi mbele ya Mtume, magoti yamegusana, akaanza kuuliza. Uislamu ni nini? Akajibiwa, akasema kweli umesema. Wenyeji wakashangaa: anauliza, kisha anasahihisha! Imani ni nini? Akajibiwa, akakubali. Ihsani ni nini? Akajibiwa. Kisha akauliza Kiyama kitakuwa lini, na Mtume, mbele ya masahaba wake wote, akasema kwamba mwenye kuulizwa hajui zaidi ya mwenye kuuliza. Mgeni hakumkosoa. Akauliza dalili zake, akajibiwa, akaondoka.

Umar anasema alikaa kwa muda. Kisha Mtume akamgeukia na kumuuliza yeye: unamjua aliyekuwa akiuliza? Umar hakubahatisha jina. Akasema Mwenyezi Mungu na Mtume wake ndio wajuao zaidi. Basi akaambiwa: yule alikuwa Jibrili, amewajia kuwafundisha dini yenu.